Wimbo wa Maria Salome na Sauti ya Wanawake wa Buhaya

Mwaka 2001 ilitoka kanda ya nyimbo za mwanamke mmoja wa Bukoba Vijijini, Saida Karoli, na jina la kanda hiyo lilikuwa Maria Salome. Haukupita muda mrefu wimbo uliobeba jina hilo ukawa umekwisha kuvuka Ziwa, ukasikika Mwanza na Dar es Salaam, na kutoka hapo ukashika njia za Kampala, Kigali, Bujumbura na Nairobi. Wengi wa waliouchezea hawakujua Kihaya. Walishika jina la mwanamke anayetajwa, wakashika na maneno machache ya Kiswahili yanayozungumzia karanga, na yaliyosalia wakayaimba kwa kukisia, kila mtu kwa ulimi wake. Waliupokea kama wimbo wa mapenzi na wa harusi, wala hakuna aliyengoja kufasiriwa ndipo ainuke kitini.

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo lililotendeka hapo, kwani naona halijapewa uzito wake katika historia ya utamaduni wetu. Kwa muda wa zaidi ya miaka ishirini jina la mkoa wa Kagera lilikuwa likifika masikioni mwa Watanzania pamoja na habari za msiba. Na kwa muda mrefu zaidi ya huo, jina la mwanamke wa Kihaya lilikuwa likisemwa na watu wengine, yeye mwenyewe akiwa hayupo barazani kujitetea. Wimbo huu ulikuwa mara ya kwanza kwa taifa zima kumsikia mwanamke huyo akisema kwa sauti yake, kwa lugha ya mama yake, na wenzake wakimwitikia.

Ili tuelewe uzito wa jambo hilo, hatuna budi kwanza tutazame ni nani alikuwa na haki ya kuimba katika Buhaya ya zamani, na aliimba wapi.

Nchi ya Buhaya ilikuwa na tawala kadhaa, kama vile Kiziba, Ihangiro, Kyamutwara na Kianja, kila moja ikiwa na Mukama wake. Katika nyumba za Wakama hao sanaa iliyotukuzwa kuliko zote ilikuwa enanga. Enanga ni ala ya nyuzi iliyochongwa katika mti mfano wa sinia refu, na jina hilo hilo ndilo linalotumika kwa utendi unaoimbwa kwa ala hiyo. Profesa M. M. Mulokozi, ambaye wanafunzi wengi wa sekondari wanamfahamu kwa tamthilia na mashairi yake ya Kiswahili, aliziandikia tendi hizi tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1986, na baadaye akaandika habari za Habibu Selemani, manju mashuhuri aliyefariki mwaka 1993. Kwa kazi hiyo tunazo leo katika maandishi tendi kama Rukiza na Kachwenyanja, ambazo bila ya hivyo zingekwenda na wazee waliokuwa wakiziimba.

Enanga ilikuwa sanaa ya wanaume. Ngoma za Mukama nazo, zilizokuwa alama ya enzi yake, zilikuwa mikononi mwa wanaume wa koo zilizokabidhiwa kazi hiyo. Mwanamke alikuwa na uwanja wake mwingine: harusini, kitandani kwa mtoto, penye kilio, na shambani. Nyimbo zake zilikuwa nyingi, na zilijulikana na kila mtu, lakini hazikuwa na mlinzi wa kuzitunza wala hazikuitwa elimu. Mtaalamu angeweza kutembea siku tatu kumtafuta manju wa enanga, naye njiani akapita nyumba kumi ambamo wanawake walikuwa wakiimba, asisimame hata mara moja.

Napenda tukae kidogo hapo shambani, kwa kuwa ndipo karanga zilipo.

Mgeni anayefika Bukoba kwa mara ya kwanza huona migomba, na huona sawa, maana kibanja ndicho moyo wa maisha ya Mhaya. Ndani ya kibanja mna migomba, mibuni, maharage, na makaburi ya wazee waliotangulia. Kwa mila, kibanja ni mali ya ukoo, nacho hurithiwa kwa upande wa kiume. Mwanamke alilima ndani yake, akapika kilichotoka ndani yake, akawazaa watakaokirithi, lakini yeye mwenyewe alikuwa mpitaji. Nje ya vibanja kuna mbuga za nyasi ziitwazo rweya, ambazo ardhi yake ni maskini. Huko wanawake walikata nyasi, wakazichoma, wakafungua mashamba ya muda yaitwayo omusiri, wakapanda njugu na mazao mengine ya msimu. Mavuno ya huko kwa desturi yalihesabiwa kuwa ya mwanamke. Kwa hiyo alipokaa uani na wenzake akiwa na ungo wa njugu au karanga mapajani, alikuwa amekaa na mali aliyoweza kuiita yake. Mambo yamebadilika tangu wakati huo, tena kwa nguvu ya sheria: mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, katika shauri lililotoka Buhaya, iliamua kwamba mila inayomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume haipatani na Katiba. Hukumu hiyo ilisomwa miaka kumi na moja tu kabla ya wimbo wetu.

Sasa na tulitazame neno lenyewe, kuchambua. Katika Kiswahili pamba huchambuliwa, mbegu zikatengwa na nyuzi. Karanga huchambuliwa, nzima zikaenda huku na zilizooza kule, na maganda yakapeperushwa. Ni kazi ya vidole na macho, inayofanywa kwa kukaa, na kazi ya namna hiyo haikosi mazungumzo. Ndiyo maana neno likavuka kutoka kwenye ungo likaenda kwa watu: mtu aliyechambuliwa na majirani hujua kilichompata. Na sisi walimu na wanafunzi tukalichukua neno lilo hilo, tukalitia darasani, tukasema tunachambua shairi, tunachambua riwaya. Mwanafunzi anayeulizwa katika mtihani achambue maudhui ya kitabu anaazima kitendo cha mama aliyekaa uani na karanga zake. Sijui kama watunga mitihani huwa wanalikumbuka hilo. Mimi nalikumbuka kila nisikiapo wimbo huu, na naona si ajabu kwamba kati ya maneno yake yote ni hayo ya karanga ambayo taifa liliyakamata, hata wengine wakasahau jina halisi la wimbo wakauita kwa jina la karanga.

Jina Maria Salome nalo lina safari yake, na safari hiyo inatufikisha Kashozi.

Kashozi iko kaskazini ya mji wa Bukoba. Hapo ndipo Mapadre Weupe, waliotoka Buganda, walipofungua misheni yao ya kwanza katika Buhaya mwaka 1892. Toka Kashozi mafundisho yao yakaenea kusini na magharibi, na pamoja na mafundisho yakaenea majina. Maria na Salome ni majina ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, kama inavyosimuliwa katika Injili ya Marko. Mapokeo ya kanisa yalimfanya Maria Salome kuwa jina la mtakatifu mmoja, mama yao Yakobo na Yohane, na kwa mlango wa ubatizo jina hilo likaingia vijijini, likatamkwa kwa lafudhi ya Kihaya mpaka likawa la hapo. Tazama na jina la mwimbaji: Saida ni jina la Kiislamu, na Uislamu uliingia pande hizi katika karne ya 19 kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani waliofika Karagwe na Buganda. Karoli ni jina la Kikristo, na katika nchi hizi za Ziwa mtu husikia ndani yake jina la Karoli Lwanga, shahidi wa Uganda aliyeuawa mwaka 1886. Sisemi lolote juu ya imani ya mtu yeyote. Nasema tu kwamba katika majina mawili yaliyoandikwa juu ya kanda moja, mwanafunzi wa historia anaweza kusoma miaka mia moja na zaidi ya nchi yake.

Misheni ilifanya mambo mawili katika muziki, nayo yanapingana. Jambo la kwanza ni kwamba ngoma na nyimbo za kienyeji zilitazamwa kwa shaka, na waumini wakafundishwa nyimbo zenye lahani za Ulaya. Jambo la pili ni kwamba wasichana waliwekwa pamoja, wakafundishwa kusoma, wakafundishwa kupanga sauti na kuimba mbele ya watu wasio ndugu zao. Kwa msichana wa zamani hilo lilikuwa jipya. Mtafiti Birgitta Larsson, katika kitabu chake cha mwaka 1991 kinachohusu wanawake, kanisa na mabadiliko ya jamii kaskazini-magharibi ya Tanzania, ameonyesha jinsi misheni ilivyokuwa kwa baadhi ya wasichana mahali pa kukimbilia walipotaka maisha mengine kuliko yale waliyopangiwa. Halafu ukaja Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ambao Kardinali Laurean Rugambwa, mwana wa Buhaya na Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kupewa cheo hicho mwaka 1960, alikuwa mmoja wa wahudhuriaji wake. Mtaguso ulikubali muziki wa asili wa kila taifa katika ibada. Ngoma ikaingia kanisani kwa mlango wa mbele, na katika kwaya nyingi wasichana wakaanza kuipiga. Kwa hiyo alipotokea mwanamke wa Kihaya mwaka 2001, ngoma mkononi na waitikiaji nyuma yake, macho ya watu wa kwao yalikuwa yamekwisha kuzoezwa kwa sehemu.

Lakini macho ya wasio watu wa kwao yalikuwa yamezoezwa mambo mengine kabisa, na hapa nagusa jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita kimya.

Katika miaka ya 1930 na baada yake, wanawake wengi kutoka Buhaya walitoka kwao wakaenda kutafuta maisha mijini, Kampala, Nairobi na kwingineko. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya kahawa iliyoanguka, mahari yaliyopanda, ndoa zilizovunjika na kumwacha mwanamke bila ya kibanja, kwani kama tulivyoona alikuwa mpitaji. Baadhi yao waliishi kwa kuuza miili yao. Mwanahistoria Luise White, aliyeandika juu ya Nairobi ya wakati wa ukoloni katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza kwamba wanawake hao, waliojulikana huko kama Waziba, walifanya kazi hiyo kwa hesabu, wakapeleka fedha nyumbani, wakawasaidia wazazi, na wengine wakanunua mali. Wazee wa Buhaya waliona aibu, wakatafuta njia za kuwazuia wasisafiri. Dunia nayo ikatunga kejeli, na kejeli ikaangukia wote, aliyekwenda na asiyekwenda. Nimekaa katika ofisi za serikali muda wa kutosha kusikia kejeli hiyo ikitolewa kama mzaha wakati wa chai, mbele ya karani wa kike aliyehamishwa kutoka Bukoba, naye akiinamisha kichwa juu ya faili lake. Mzaha wa namna hiyo ni wimbo pia, nao una waitikiaji wake.

Kisha yakafuata ya msiba. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia sehemu ya kaskazini ya mkoa, yakateka nchi mpaka mto Kagera, na watu wakakimbia na walichoweza kubeba. Vita vilipokwisha mwaka 1979 mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto huo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana Kagera, na kwa muda wa miaka mingi iliyofuata vijiji vikajaa makaburi mapya na nyumba zinazoongozwa na watoto au na bibi kizee mmoja. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa maji. Mtanzania wa Songea au wa Lindi aliyekuwa hajapata kufika Bukoba, alichojua juu ya Bukoba kilikuwa hicho: vita, ugonjwa, na meli. Ugonjwa nao uliipa nguvu ile kejeli ya zamani, ikawa sasa inasemwa kwa hofu.

Mambo hayo yote yalikuwa hewani wakati kanda ya Maria Salome ilipoanza kuuzwa. Wimbo haukuyajibu wala haukuyataja. Ulikuja na mdundo, na sauti moja nyembamba iliyo kavu kidogo, isiyopambwa, ikiongoza, na sauti nyingine zikipokea. Mwanamke wa Buhaya alikuwa ametokea mbele ya taifa akiwa na furaha, naye hakuomba radhi wala kuonewa huruma. Kwa maoni yangu hakuna hotuba ambayo ingaliweza kufanya kazi hiyo.

Tujiulize basi kwa nini ulikwenda mbali kiasi kile. Wengine husema ni bahati, au ni uhodari wa wauzaji. Wauzaji walikuwa na sehemu yao, maana ule ulikuwa wakati wa kanda, na kanda zilisafiri ndani ya mabasi na malori kwa wepesi. Tena, kufuatia Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, redio za watu binafsi zilikuwa zimekwisha kuanzishwa, zikishindana kutafuta jipya la kuwapa wasikilizaji. Lakini kuna sababu iliyo ndani zaidi. Kihaya hakikomi mpakani. Ni ndugu wa Kinyambo cha Karagwe, na ni ndugu wa karibu wa Runyankore, Rukiga, Rutooro na Runyoro za Uganda. Mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliuchora kwa mkataba wa mwaka 1890 ulipita katikati ya watu waliokuwa wakisikilizana, na kusikilizana huko hakukufa. Msikilizaji wa Mbarara alielewa sehemu kubwa ya maneno, na mwenzake wa Kigali au Bujumbura aliitambua sauti ya jirani. Huku upande wa mashariki, mahali ambapo Kihaya hakikufika, Kiswahili cha zile karanga kilifungua mlango. Wimbo ulikuwa na miguu miwili, mmoja katika lugha za Ziwa na mmoja katika lugha ya taifa, ukatembea kwa yote miwili.

Hilo linatuleta kwenye suala la lugha, ambalo naomba walimu walifikirie kwa makini. Rais Julius Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alikusudia kuzirudishia heshima nyimbo na ngoma za makabila yote ambazo ukoloni ulikuwa umezidharau. Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kikijengwa kiwe kifungo cha umoja, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967. Makusudi hayo mawili yalikuwa mema, lakini hayakukosa kusukumana. Ngoma ya kabila ilikaribishwa jukwaani kwa mavazi na mdundo wake. Maneno yake yaliachwa kama kitu kisichohitaji kueleweka, na wapo walioona kwamba kuyatilia maanani ni kufufua ukabila. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliheshimiwa duniani kote kwa ilimba na zeze lake, lakini ni Watanzania wangapi nje ya Dodoma walioweza kuimba pamoja naye sentensi moja? Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikuja kutamka wazi kwamba lugha za jamii ni hazina inayostahili kutunzwa na kutumika katika kukuza Kiswahili. Miaka minne baadaye wimbo wa Kihaya ukaimbwa na watoto wa Kariakoo. Umoja wa taifa haukutikisika hata kidogo.

Wasomaji wa Shaaban Robert watakumbuka mfano wa kinyume chake. Katika wasifu wake wa Siti binti Saad ameeleza maisha ya mwanamke wa Fumba, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, aliyeingia mjini Unguja akawa mwimbaji, akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Taarabu ya majumba makubwa ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wake, na wakubwa wakaja kuisikiliza. Saida Karoli alikuta Kiswahili chenyewe ndicho kimekalia kiti cha juu, akaleta lugha ya kijijini ikae karibu naye. Wanawake hao wawili wametenganishwa na zaidi ya miaka sabini, na muziki wao haufanani. Lakini kila mmoja alitoka nje ya mji, kila mmoja alidharauliwa kwa asili yake, na wote wawili hawakubadili ulimi wao ili wapate kusikilizwa.

Baada ya Maria Salome zilifuata kanda nyingine, na moja kati ya hizo iliitwa Mapenzi Kizunguzungu. Mwaka 2005 Saida alikuwa miongoni mwa waliopendekezwa kupata tuzo za muziki za Tanzania. Kisha, kama ilivyo kwa waimbaji wengi wa nyimbo zenye asili, zama zikageuka. Bongo Fleva ikatwaa redio zote, na sauti yake ikasikika kwa nadra.

Mwezi Septemba 2016 Diamond Platnumz, akimshirikisha Rayvanny, alitoa wimbo ulioitwa Salome, uliojengwa juu ya ule wa zamani. Ulitazamwa katika mtandao na mamilioni ya watu, wengi wao wakiwa vijana ambao mwaka 2001 hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wakibebwa mgongoni. Kuna wazee walionung'unika. Mimi sikunung'unika, kwa maana wimbo usiopata mrithi ni wimbo uliokufa, na hata tendi za enanga ziliishi kwa sababu kila manju alizichukua kwa mwenzake akazigeuza. Tena urithi huo ulimrudisha mwenyewe: mwaka 2017 Saida Karoli alitoa wimbo mpya, Orugambo, neno ambalo kwa Kihaya ni maneno ya watu, uvumi, umbea. Nikalisikia jina hilo nikacheka, nikakumbuka ungo wa karanga.

Hata hivyo msikilizaji mwangalifu ataona kilichobadilika. Katika wimbo wa 2016 anayesema ni mwanamume, na mwanamke ndiye anayesemwa. Salome amekuwa uzuri wa kutazamwa. Kihaya kimepungua sana, karanga zimebaki, na kile kiitikio cha wanawake kimeingizwa ndani ya mashine kikawa kionjo. Si kosa la mwimbaji. Ndivyo nyimbo za mapenzi za zama hizi zinavyotengenezwa, na kazi yake aliifanya kwa ustadi. Lakini mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi nafsi inayosema inavyobadilisha maana ya shairi hatapata mfano bora kuliko kuziweka nyimbo hizi mbili bega kwa bega. Na awaache wazisikilize kwanza, ndipo wazichambue.

Limebaki jambo la waitikiaji. Wapenzi wa wimbo huu wote wanalijua jina la Saida Karoli. Ni wachache mno wanaoweza kutaja hata jina moja la wanawake waliompokea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inawatambua watendaji wa sanaa pamoja na watunzi, na imetenga sehemu nzima kwa ajili ya kulinda sanaa za jadi. Sheria hiyo ilikuwapo kabla ya kanda kutoka. Lakini sheria huanza kazi yake pale penye jina lililoandikwa, na nyimbo za wanawake wa Buhaya hazikupata kuwa na mwandishi kama tendi za enanga zilivyompata Mulokozi. Katika vijiji vya Kashozi na Muleba wapo hadi leo bibi wanaojua nyimbo za kumwaga bi harusi ambazo wajukuu wao hawazijui, na kila mwaka idadi yao inapungua. Mwalimu wa sekondari aliye huko hahitaji fedha za mradi ili aanze. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wake inarekodi sauti vizuri kuliko mashine nyingi za zamani. Linalotakiwa ni daftari, liandikwe maneno ya Kihaya na maana yake kwa Kiswahili, siku na mahali, jina la aliyeongoza, na chini yake, mmoja mmoja, majina ya walioitikia.